Jinsi ya Kuichagulia Ofisi Linux Bila Kupata Lawama

Hongera. Tangu siku ile ulipoiponya projekta kikaoni kwa kuchomoa waya na kuuchomeka upya, wewe ndiye mtu wa kompyuta wa ofisi hii, na hakuna anayekumbuka kwamba uliajiriwa kutunza majalada. Sasa bosi amerudi safari. Huko alikokuwa amesikia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 inadai kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni. Zile kompyuta zenu za Optiplex zilizochakaa Ulaya, zikauzwa Dubai, zikapita Kariakoo na kushushwa hapa Kigoma mwisho wa reli, hazikidhi masharti. Amesikia pia kuna kitu kinaitwa Linux, na ni bure. Neno bure limemkaa. Amekuita akasema, "Kijana, tutafutie iliyo nzuri."

Sikiliza vizuri alivyosema. Hakusema weka. Amesema tafuta. Kuiweka Linux kwenye kompyuta moja ni kazi ya nusu saa, na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza huku anachati. Kuitafuta, mwenzangu, ukijua unachokifanya, kunaweza kukuheshimisha miaka miwili. Kaa karibu nikuelekeze.

1. Kataa jibu rahisi

Wiki ya kwanza atatokea mtu, mara nyingi dereva au mpwa wa mhasibu, atasema, "Si muweke Mint tu?" Mint ni distro, yaani aina mojawapo ya Linux. Usibishane naye. Mtazame kwa huruma, vuta pumzi, kisha uliza polepole, "Na kuhusu systemd umefikiriaje?"

Hajafikiria. Hakuna aliyefikiria. systemd ni programu inayoamsha programu nyingine kompyuta inapowaka, na mfanyakazi wa kawaida atastaafu bila kukutana nayo. Lakini distro ya Debian ilipoamua kuitumia mwaka 2014, waliopinga waligoma, wakajitenga na kuunda distro yao, Devuan. Hilo linakutosha. Jambo lililowafanya watu wazima wagawane mradi haliwezi kuamuliwa na dereva mlangoni.

Kuna distro mamia. Idadi hiyo ndiyo mtaji wako. Zingekuwa mbili, ungelazimika kufanya kazi.

2. Mjue mpinzani wako

Wengi hukosea hapa wakadhani wanashindana na Bill Gates. Hapana. Unashindana na fundi wa Mwanga, karibu na sokoni, mwenye flashi moja iliyochubuka. Yeye anapiga Windows kwa bei ya sahani mbili za wali na mgebuka, anakuwekea na Office, na neno leseni halijawahi kupita kinywani mwake. Akimaliza anakuambia usiiruhusu ijisasishe. Ofisi ngapi kwenye mwambao huu zinaendeshwa na flashi ile, sitaki kuanza kuhesabu.

Sasa, mtu mwenye nia mbaya angemwambia bosi ukweli: kwamba tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mchezo huo ni kosa, kwamba kile kiprogramu cha kuidanganya Windows mara nyingi ndicho kinacholeta virusi vinavyogeuza mafolda ya kila flashi kuwa vishale vya njia ya mkato, na kwamba distro yoyote ile, hata iliyochaguliwa kwa kupiga kura ya mawe, ingekuwa bora kuliko hapo. Usiseme hivyo. Ukisema "yoyote ile" umejifukuza kazi.

3. Jifunze tarehe, mfumo utaujifunza baadaye

Heshima ya mtu wa Linux haitoki kwenye vidole, inatoka kwenye historia. Kariri kidogo tu. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kazi yake ya Linux Agosti 1991. Slackware na Debian ni za mwaka 1993. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004, imelipiwa na Mark Shuttleworth, Msauzi aliyekuwa ametoka angani miaka miwili nyuma kwa nauli yake mwenyewe. Mint ilifuata mwaka 2006.

Kisha weka akiba kubwa. Ubuntu walikuwa wakituma CD bure kwa posta popote duniani, hadi walipofunga huduma hiyo mwaka 2011. Siku ukibanwa kikaoni, sema kwa sauti ya chini, "Mimi nilianza enzi za CD za posta." Ukumbi utatulia. Kama mwaka huo ulikuwa darasa la tano, hakuna atakayepiga hesabu, maana wote watakuwa wanajiuliza sanduku lao la posta lilipotelea wapi.

Na ukiona bado wanakutilia shaka, ingiza uzalendo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Waswidi wa IT+46 na kwa fedha za Sida, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya maana kwelikweli, na iliwatoa watu jasho kutafuta maneno ambayo hayakuwapo. Itaje kwa fahari. Kisha rudi kwenye kompyuta yako, ambayo imewekwa Kiingereza, na uendelee.

4. Chagua kwa kuangalia unataka uonekane vipi

Mahitaji ya ofisi yasikusumbue, hayabadiliki: barua, hesabu, printa, baruapepe. Kinachobadilika ni wewe. Jiulize unataka watu wakuoneje, halafu shuka nami kwenye orodha.

Unataka kuogopwa? Kali. Imetengenezwa na Offensive Security tangu 2013 kwa watu wanaolipwa kupima ulinzi wa mitandao, na watengenezaji wenyewe wanasema si ya mtu asiyeijua Linux wala si ya kazi za kawaida za mezani. Puuza. Ina joka kwenye skrini nyeusi. Fungua teminali, acha maandishi yatiririke, nenda kanywe chai. Ukirudi utakuta mhasibu, aliyekuzidi miaka kumi na mitano, anakuamkia shikamoo.

Unataka kuonekana msomi? Arch. Haina matoleo, inasasishwa kila siku, na kwa miaka mingi kuiweka kulimaanisha kuandika amri moja baada ya nyingine huku umefungua maelekezo kwenye simu. Mtumiaji wa Arch halazimiki kuulizwa anatumia nini, atakuambia mwenyewe. Kasoro yake ni bando: ukiacha kuisasisha mwezi mzima kwa kuwa vocha imeisha, siku utakayoirudia inaweza kukukatalia. Hilo nalo lina faida, litakupa wiki moja ya kuonekana unahangaika.

Unataka mradi usioisha? Gentoo. Hiyo kwa desturi haikupi programu iliyopikwa, inakupa msimbo na kompyuta yako inajipikia. LibreOffice peke yake, kwenye mashine kuukuu ya prosesa mbili, inaweza kumaliza siku nzima ikichemka. Na hapa Kigoma, mji uliokaa miaka kwa miaka ukitegemea majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, umeme una desturi ya kuondoka pale kazi inapokaribia kuiva. Unaanza upya kesho. Nani atakulaumu? Andika tu kwenye ripoti: "Kazi imekwama kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu." Sentensi hiyo ni salama kuliko programu yoyote ya kuua virusi.

Unapenda vikao? Fedora. Hutoka toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na kila toleo huhudumiwa takribani miezi kumi na mitatu. Ina maana kila mwaka una sababu halali ya kuitisha kamati.

Debian iogope. Hutoka kila baada ya miaka miwili hivi, matoleo yake yana majina ya vikaragosi wa filamu ya Toy Story (la 13, la Agosti 2025, linaitwa Trixie), na ukishaiweka inakaa. Haikuiti usiku. Haikuombi kitu. Mtu wa kompyuta asiyeonekana akihangaika anaanza kutumwa benki. Ubuntu ya muda mrefu, inayohudumiwa miaka mitano, ina tatizo hilohilo. Mint ndiyo mbaya kuliko zote: inafanana na Windows 7 kiasi kwamba katibu muhtasi anaweza kuitumia asubuhi yote asijue umembadilishia, na hapo sifa zako zinakwenda wapi?

5. Andaa jedwali, lakini chagua kwanza

Bosi atataka karatasi. Mpe jedwali. Anza na distro uliyokwisha ipenda, kisha rudi nyuma utunge vigezo itakavyovishinda. Weka usalama, urahisi, jamii ya watumiaji, na usisahau "uendelevu". Uendelevu haujawahi kupingwa katika kikao chochote nchini. Upe alama thelathini.

Ongeza safu ya hatari, na humo uisimulie distro ya CentOS. Watu waliweka CentOS 8 kwenye seva zao wakiahidiwa huduma hadi 2029. Desemba 2020 Red Hat, kampuni yenye CentOS na iliyokuwa imeshanunuliwa na IBM, ikatangaza kwamba itaishia Desemba 2021. Ofisi duniani kote zikahaha, na kutoka humo zikazaliwa Rocky na AlmaLinux. Simulia kwa uchungu, kama uliyekuwapo. Bosi atatikisa kichwa na kuuliza, "Kwa hiyo tusikurupuke?" Hasa, mzee. Tusikurupuke.

Kisha kuna suala la fedha, na hapa ndipo vijana wengi wazuri walipoanguka. Kitu cha bure hakina zabuni, kisicho na zabuni hakina fungu, na kisicho na fungu hakuna mkuu wa idara atakayekikumbuka. Usiwaache wakubwa mikono mitupu. Andika mafunzo. Andika ziara ya kujifunza, Munich, Ujerumani: jiji lile liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta kama 15,000, na mwaka 2017 madiwani wakaamua kurudi Windows. Ni mfano usio na mpinzani, kwa kuwa anayetaka kuhama anauona ushahidi, na asiyetaka naye anauona. Utaomba Munich, utapewa Kasulu siku mbili. Chukua.

(Ukichekwa kwa kupanga bajeti ya kitu cha bure, waoneshe njia ya kwenda Ujiji. Oktoba 1871 Livingstone alifika pale akiwa taabani, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Zanzibar, akakuta mtu aliyekabidhiwa ameshaziuza zote. Manunuzi mwambao huu yana historia ndefu kuliko mwembe wa makumbusho.)

6. Usiangalie watu wanafanya nini

Hili nalisisitiza. Usikae hata siku moja nyuma ya wafanyakazi kuona wanafungua nini, maana utaona. Utaona kwamba tangu asubuhi hadi saa tisa na nusu wanafungua brauza. Kodi ya TRA iko kwenye brauza. Zabuni za NeST ziko kwenye brauza. Namba ya malipo inatoka kwenye brauza. Muuguzi wa zahanati anayejaza takwimu kwenye DHIS2 yuko kwenye brauza, na hiyo DHIS2, kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, ni programu huria ambayo nchi nzima inaitumia bila mtu kuandika jedwali la vigezo. WhatsApp ya kwenye kompyuta, ambayo ndiyo mfumo rasmi wa mawasiliano wa ofisi yenu, nayo imo humohumo. Ukiwabadilishia kila kitu kilicho chini ya brauza, wengi watauliza tu kwa nini picha ya ukutani imebadilika.

Tena wote wana Linux mfukoni tayari. Tecno, Infinix, Samsung: kila simu ya Android imekaa juu ya kerneli (kiini cha Linux) ya Torvalds, pamoja na ya bosi. Siri hii ukiivujisha, jedwali lako ni karatasi ya kufungia dagaa.

7. Waruhusu maadui watatu wafanye kazi yao

Ikitokea umelazimishwa kuanza, tulia. Wapo watatu watakaokurudisha kwenye kuchagua.

Wa kwanza ni printa. Zile za HP kwa kawaida huitikia zenyewe, kwa hiyo usianze nazo. Tafuta ile ndogo ya leza inayodai dreva yake ya kupakua, iunganishe mbele ya watu, bonyeza, subiri. Ikitoa kurasa arobaini zenye mstari mmoja wa alama za ajabu, usiizime haraka. Iache waione.

Wa pili ni herufi. Barua za serikali zimezoea Bookman Old Style, na hiyo Linux yako haikuja nayo. Barua ya kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, iliyopimwa ikatosha ukurasa mmoja, ukiifungua kwenye LibreOffice itavaa herufi nyingine zenye upana tofauti. Mistari itateremka. "Nakuomba upokee barua hii" itabaki juu, na jina la mkurugenzi, cheo chake na nafasi ya muhuri vitahamia ukurasa wa pili peke yao, katikati ya weupe mtupu. Mkurugenzi atashika ile karatasi ya pili, ataigeuza, atakutazama. Hatasema neno. Dawa ipo: unaweka herufi zilezile kwenye mashine, au unatuma PDF, ambayo haisogei. Ukiitoa dawa hiyo dakika ya kwanza umeua mradi. Itoe baada ya kikao cha tatu, iite "suluhisho la muda".

Wa tatu ni mhasibu, na huyu humwezi, hivyo mtumie. Ana faili moja la Excel linaloitwa HESABU MPYA SAHIHI MWISHO 2, lililojaa makro ya mtu aliyehamia Mpanda zamani, na hakuna anayejua yanafanyaje kazi. LibreOffice inayasoma baadhi, mengine inayakalia kimya. Atakuuliza:

"Mwanangu, hiyo Linux yako ina Excel?"

"Mama, ina zaidi ya Excel."

"Sikuuliza zaidi."

Usijibu. Andika kwenye ripoti: "Idara ya Fedha itahamia katika awamu ya pili." Awamu ya pili ni mahali pazuri sana. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko na kulalamika.

8. Panga muda vibaya kwa makini

Kama ofisi yenu inashughulika na samaki, uko pazuri. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani kwenye giza, mbalamwezi ikitoka hupumzika. Anza basi kuhamisha kompyuta usiku wa giza la kwanza, ili asubuhi mitumbwi inaposhusha mwaloni Kibirizi na stakabadhi zinapopangana mezani, mashine zenu zote ziwe zinaonesha asilimia kumi na nne. Mwaka 2024, uvuvi ziwani uliposimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ofisi nyingi za samaki zilipata miezi mitatu ya utulivu, nafasi ya dhahabu ya kubadilisha kila kitu bila kumsumbua mtu. Nafasi ya namna hiyo ikitokea tena, omba likizo.

Na kila mashine iache ipakue masasisho yake yenyewe. Ukiweka apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja, ile moja hupakua kwa niaba ya nyingine zote, na bando la ofisi hudumu. Sasa, ofisi yenye bando inahitaji nini kukuita?

9. Paka grisi kabla ya kuzamisha

Hapa nakuomba uache mzaha kidogo, maana hili limewahi kufanywa hapahapa na mabingwa.

Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha karibu 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wamezidiwa, waliamua kuizamisha wenyewe, Julai 26, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, na ikatumika miongo na miongo.

Hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyoshindwa. Nawe, kabla ya kuweka distro yoyote, usifute Windows. Ipunguze nafasi kwenye diski, ikalie kimya upande wa pili, na kompyuta ikiwaka iulize mtu anataka ipi, kwa sekunde kumi. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje na uifungie kabatini, si kwenye droo ya meza, maana droo ya meza ni ya kila mtu. Baada ya wiki tatu utagundua kwamba wafanyakazi wote wamejifunza amri moja ya Linux: kishale cha chini, kisha Enta. Ripoti itasomeka, "Watumiaji wameanza kuuzoea mfumo."

Bosi akikuuliza kwa nini bado anaiona Windows, mwambie ni mpango wa kurejesha huduma wakati wa dharura. Usimwambie dharura ni nini.

10. Jihadhari na mwanafunzi wa fildi

Hakuna hatari kubwa kuliko hii. Atakuja Julai, na barua ya chuo, na shati limenyooshwa. Atakaa wiki moja akikutazama. Ijumaa atakuuliza kwa adabu kama anaweza kubaki Jumamosi. Jumatatu utakuta ameweka Mint kwenye mashine zote isipokuwa ya mhasibu, printa zinatoa, barua ya Katibu Tawala imetosha ukurasa mmoja, na yeye yuko nje anakula muhogo wa kuchoma. Ukimuuliza kwa nini Mint, atasema ndiyo iliyokuwa kwenye flashi.

Usipaniki. Mpe cheti chenye picha ya ziwa. Mwandikie barua ya shukrani kwa mchango wake katika "utekelezaji wa mapendekezo ya mtaalamu". Mtaalamu ni wewe. Lichukue lile jedwali, ongeza safu ya Mint, ipe alama za uendelevu thelathini kamili, na uliweke kwenye jalada kwa tarehe ya mwezi uliopita. Kumbuka kazi yako halisi ilikuwa majalada.

Kuanzia hapo mifumo itafanya kazi, na wewe utakuwa umebakiwa na tatizo moja tu, la kukosa tatizo. Nalo lina tiba. Ubuntu hutoa toleo lake la miaka mitano Aprili ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na Mint hufuata nyuma yake miezi michache baadaye. Weka kwenye kalenda ya ofisi sasa hivi: Mei, kikao cha kutathmini upya uchaguzi wa mfumo endeshi, siku mbili, wajumbe tisa, chai na chapati.